Papa, Mama Anafika Kesho

Papa,

Naanza na jina ulilotukataza. Tuliposhuka Kigoma ulituvuta kando, mimi na Amani, ukatuambia kuanzia leo tuseme Baba, kwa sababu hapa hawasemi Papa na watu watatujua mara moja. Tukasema Baba. Hata miezi mitatu iliyopita, tulipokuzika huku Bangwe, nililia Baba. Lakini anayekuandikia leo ni yule mtoto wa Goma mwenye miaka kumi na mmoja. Huyo alikuwa na Papa, na alikuwa na Mama.

Mama anafika kesho na boti ya Uvira.

Sitaizungusha habari hii, wewe umeizungusha vya kutosha. Mama yu hai, Papa. Amekuwa hai miaka yote. Na wewe ulijua.

Nimelijua jambo hili kwenye msiba wako mwenyewe, siku ya tatu. Akina mama wa soko la Mwanga walikuja kutupa pole, na kati yao alikuwepo mama mmoja wa Goma anayeleta vitenge. Picha yako tulikuwa tumeiweka juu ya meza ndogo, ile uliyopigwa mbele ya kibanda chako cha kushona viatu. Akaitazama sana, kisha akauliza, "Huyu si bwana wa Mama Furaha?" Nikamwambia Furaha ni mimi, na mama yangu alikufa siku mlima ulipopasuka. Yule mama akaweka kikombe chake chini. Akasema, "Mama Furaha mwenye kuuzisha makala, mkaa? Mimi nanunuaka kwake. Hata mwezi uliopita nilinunua."

Nilicheka, Papa. Msibani kwako, mbele za watu, nilicheka. Walidhani huzuni imenipanda kichwani, wakanipeleka ndani wakanipepea.

Wewe unakumbuka siku ile kuliko mimi, lakini ngoja niseme ninayoyakumbuka, maana mpaka sasa umesema wewe tu. Moto wa volkano ulikuwa unashuka katikati ya mji, mwekundu, polepole, na watu wote wanakimbilia mpakani. Mama akasimama pale kwenye duka la mikate. Akasema hawezi kumwacha Bibi mgonjwa kitandani. Akakupa mkono wa Amani, akanifunga kitenge chake mabegani, akasema, "Tangulieni, nakuja." Tukatangulia. Moto ukapita kati, mji ukawa vipande viwili, sisi upande huu na yeye upande ule.

Siku ya tatu ulirudi mjini kumtafuta. Moto ule ulikuwa umeganda kuwa jiwe, lakini bado linaunguza, watu wanalipita kwa kuruka. Ulirudi jioni, soli za viatu vyako zimeyeyuka, umekaa chini hutaki maji. Amani alikuwa ameng'ang'ania tairi la lori la kutuondoa pale, anasema hapandi mpaka Mama aje. Ndipo ukasema, "Mama yenu amekufa. Nimeona kwa macho yangu." Ukanyoosha miguu tuvione viatu. Kana kwamba viatu ni shahidi.

Amani akapanda lori. Na mimi nikapanda.

Uwongo wa siku ile nakusamehe. Nina watoto wawili sasa, najua mtu anaweza kusema lolote ili mtoto aachie tairi. Tena nakumbuka wale wenye bunduki waliokuja kukuulizia mara mbili mwaka ule, na wewe ukimbembeleza Mama muhame, na Mama akikataa kwa sababu ya Bibi. Uliogopa. Haya. Lakini siku iliyofuata je? Na ile nyingine?

Unamkumbuka yule dada aliyekuwa akiandikisha wakimbizi ufukweni huku Kigoma? Alikuwa mpole, ana kalamu mbili kwenye nywele. Akauliza jina lako ukajibu. Akauliza watoto ukajibu. Akauliza, "Mama yao?" Ukainamisha kichwa. Ukakaa kimya mpaka yule dada akanigeukia mimi. Nikakutazama. Hukuinua macho. Basi nikasema mimi, "Amekufa." Akaandika.

Miaka yote nilidhani ulinyamaza kwa uchungu. Nilikuonea huruma, Papa. Nikajiambia nimekusaidia kubeba neno zito. Kumbe ulikuwa hutaki neno lile litoke kinywani mwako mbele ya karatasi, ukaacha litoke kwangu. Hapo ndipo siwezi kukusamehe. Ulimwua Mama kwa mdomo wangu.

Halafu tukafanya matanga. Mama Zuhura wa jirani, ambaye hata hakuwa ametujua wiki mbili, alikusanya wanawake wote wa mtaa. Walitandika mikeka, wakalala nasi, wakapika ugali na migebuka, samaki wa ziwani. Dada yake akaleta mihogo kutoka Simbo, ameibeba kichwani. Walimlilia mtu wasiyemfahamu, wakiniuliza alikuwa mrefu au mfupi ili walie vizuri. Wakatunyoa nywele mimi na Amani. Wewe ulikaa nje na wanaume, umejifunika shuka. Nadhani ulitaka kuwaambia waache. Nadhani kila sufuria iliyoinjikwa ilikuzidishia ugumu, na siku ya kuanua matanga ulikuwa umeshafungwa. Utawaambiaje watu waliokesha kwako kwamba maiti yupo, anakula? Haya, naelewa hata hilo. Naona nimeanza kukutetea tena. Ni mazoea.

Mama Zuhura alikutafutia mke mara ngapi? Ulikuwa ukimjibu, "Mimi nina mke." Mtaa mzima ukakusifu. Nilipoolewa, wakwe zangu waliambiwa, huyu ni binti wa yule mzee anayemlilia mkewe hadi leo. Nilitembea na sifa hiyo kama kanga mpya.

Na bandarini ulikuwa unakwenda kufanya nini? Kila boti ya ng'ambo ikifika unafunga kibanda, unashuka, unasema unatafuta wateja. Nani anashonesha viatu akitoka kwenye boti, ana mizigo na watoto? Ulikuwa unasimama nyuma kabisa, karibu na geti. Sijui ulikuwa unamtafuta au unajiandaa kumkimbia. Ningekuuliza hilo kwanza kabla ya yote.

Nimezungumza naye kwa simu. Yule mama wa vitenge alimpelekea namba yangu. Sauti yake imekuwa nzito kidogo, lakini niliijua kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Hakulia. Alisema, "Mulikawia sana, Furaha." Basi. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Alinieleza kwamba Bibi alikufa kulekule Sake walikokimbilia, na yeye akarudi Goma. Nyumba yetu haikuwepo, ilikuwa chini ya jiwe. Akajenga hapohapo juu yake, chumba kimoja cha mbao. Jamaa walimwambia kuna viwanja vizuri kwingine, akakataa. Akaniambia, "Nilibaki pale pale ili musipotee."

Papa, unasikia? Wewe ulikuwa unatuambia hakuna pa kurudi.

Kisha akaniambia jambo lililonikalisha chini. Kwamba jirani yetu alikuona siku ile ya tatu, umesimama juu ya jiwe, viatu vinatoa moshi. Akakwambia Mama na Bibi ni wazima, wamekwenda Sake. Ukamshukuru. Ukaondoka. Mama anaisimulia habari hii kwa fahari. "Papa yenu alinitafuta mpaka viatu vikayeyuka. Njia ndiyo ilimshinda." Anaamini ulizunguka Sake yote. Anaamini ulimwandikia na barua zikapotea. Mwishoni akaniuliza, "Alikuwa anasema nini juu yangu?"

Nikasema simu inakatakata, simsikii. Nikaikata. Nikabaki nimeishika, nikajua mimi ni mwanao kweli.

Viatu vile viko hapa mbele yangu. Nilivikuta chini ya sanduku la vifaa vyako, chini ya nyundo na uzi na gundi. Wateja walikutania, fundi gani huyu, viatu vyake vimemshinda. Ulikuwa unasema, "Hivi haviponi." Nilidhani unavitunza kwa kumkumbuka Mama.

Amani hataki nimwambie Mama. Anasema kaburi lako bado ni udongo mbichi, tuseme barua zilipotea, tumalize. Tumegombana, hajanisemesha tangu Jumapili. Namwelewa, yeye alikuwa mdogo, hana uso wa Mama kichwani, baba ndiye mzazi aliyenaye. Mama Zuhura naye nilimwambia mwenyewe, nikiwa nimepiga magoti. Kisha akasema, "Yaani mie nimetoa sauti yangu yote, na mwenyewe yuko kwake anapima mkaa?" Akacheka mpaka akalia. Anakuja bandarini kesho, anataka kumwona kwa macho yake. Uone basi: hata ningetaka kukufichia, mtaa mzima ulimlilia, na hakuna atakayekaa kimya mtu huyo akishuka.

Halafu kuna ile siku hospitalini. Nitaiandika halafu niiache. Ulinishika mkono ukasema, "Furaha, mama yako..." Nikakukatiza. Nikakwambia, "Pumzika, Baba, mtaonana huko." Ukanitazama. Ukageukia ukutani. Kesho yake hukuwepo. Nikiwa na hasira najiambia ulikuwa na miaka mingi ya kusema, ukachagua siku moja. Nikipoa najiuliza, laiti ningenyamaza kidogo. Hilo nalo umeniachia.

Nakuaga, Papa. Nimekasirika, na bado kila nikipita Mwanga naangalia kibanda chako kama kimefunguliwa. Yote mawili yamo.

Nakuahidi hivi. Mama nitamwambia yote, nyumbani, akiwa ameoga na amekula, na viatu nitaviweka mbele yake. Sitakuongezea wala sitakupunguzia. Uoga wako nitauweka, wale wenye bunduki nitawaweka, na bandari nitaiweka. Akitaka kuja kaburini kwako baada ya hapo, nitamshika mkono mpaka hapo ulipo. Asipotaka, utangoja. Yeye alingoja.

Asubuhi nitashuka bandarini na sitasimama nyuma kwenye geti. Nimevitoa vitenge viwili, kimoja cha kumfunika, na kile chake cha siku ile, kimechujuka lakini kipo. Pale mlangoni ofisa ataniuliza nampokea nani. Safari ile niliulizwa, nikakutazama wewe kwanza. Kesho sina wa kumtazama. Nitasema, "Mama yangu."

Mwanao,
Furaha