Malkia wa Pumzi Tatu

Awino,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo kwa sababu kule kanisani kila aliyesimama kukuaga alianza na "alikuwa mtu wa watu," na wewe hukuwa mtu wa watu. Ulikuwa mtu wa mamako na mtu wangu. Wengine uliwavumilia tu.

Hii ni wiki ya tano. Mamako bado anashona pale Kawangware, lakini redio ameizima. Kwa kwaya, kiti chako kiko palepale safu ya kati na hakuna anayekikalia. Mazoezi yakiisha narudi nyumbani Sarang'ombe, Kibera, peke yangu, na nimegundua kitu cha aibu: miaka yote hiyo sikuwa naongea njiani. Wewe ndiye ulikuwa unauliza, halafu unanijibia.

Kwa mazishi walisema Mungu alikuwa anakosa soprano. Soprano, Awino. Nilikuwa nimesimama hapo na nikanyamaza, kama kawaida. Ulikuwa mezo, sauti ya katikati. Ungewacheka mpaka ukohoe.

Unakumbuka siku Mwalimu Osoro wa kwaya alituonyesha opera kwa kompyuta yake? Yule mama amedungwa kisu na bado anaimba. Wengine walikuwa wanasinzia. Wewe ukaninong'onezea, "Neli, huyu alikufa kitambo na bado ana pumzi. Na mimi nataka hiyo." Nilicheka. Nilidhani unanichekesha.

Daftari letu lilianza hiyo jioni. Ufalme ulio chini ya Bwawa la Nairobi, chini ya yale magugu, na kila kiumbe lazima apewe sauti kabla hajapewa hata jina. Mimi nilitaka joka awe besi kwa sababu ni mkubwa. Ukakataa. "Besi ni mtu hana haraka. Huyu ana moto mdomoni, ataimba huko juu kabisa, mbio mbio, kama mtu amekanyaga kaa." Joka akawa soprano. Nguva akawa besi kwa sababu anaishi kwa tope. Jitu likapewa sauti ya tenor kwa sababu linajiona limependeza. Ulikuwa na sheria moja: usiangalie mwili, uliza ana pumzi ngapi.

Mimi ukanipa mchawi, kontralto, ile sauti ya kike ya chini kabisa. Nikanuna. Ukasema, "Si mbaya huyu, hajaongea tu. Wewe unaongea huku juu juu kama mtu anaomba msamaha. Sauti yako iko hapa." Ukanigonga kifuani na penseli. Iliuma, by the way.

Wewe ukajipa Malkia Lumu. Mezo. Ukaandika: *Ana pumzi tatu peke yake. Akimaliza ya tatu, mchawi aendelee na wimbo.*

Nilichofanya unakijua, lakini wacha nikiseme. Nilichukua raba nikafuta mstari wote. Nikaandika "pumzi elfu". Nikakuambia malkia hawezi kuwa na wimbo mfupi hivyo. Ulikuwa uongo. Nilifuta kwa sababu sikutaka mchawi wangu aimbe peke yake mbele ya watu, hata kwa karatasi. Uliangalia ule ukurasa, ukasema, "Sawa. Si wewe uko na raba."

Basi. Hukusema moyo. Hukusema kliniki. Hukusema kwamba ukipanda ngazi za kwenu unaketi kwa ngazi ya pili na ya nne, ukijifanya unafunga kamba za viatu. Mtu anaambia rafiki yake kitu kama hicho kwa mdomo, Awino. Hakiandiki kwa hadithi ya majoka halafu angoje kueleweka.

Mamako ndiye alinieleza yote, wiki moja baada ya kukuzika. Aliniuliza kama ulikuwa unachoka mazoezini. Nikasema sijui. Akasimamisha mashine. "Lakini aliniambia Neli anajua. Akasema, Neli ananiangalia. Si ndiyo maana nilimwacha aendelee kuimba."

Ulimwambia najua.

Ulinifanya mlinzi na hukuniambia nalinda nini. Nilitoka hapo na hasira hata sikuaga. Nilitembea mpaka Kibera na miguu na sikumbuki barabara.

Mamako alikuwa amenipa karatasi zako za ule wimbo wa mashindano, wenye solo yako. Juu ya zile do-re-mi ulikuwa umeweka alama tatu za penseli, mahali pa kuvuta pumzi, katikati ya sentensi kabisa, mahali Mwalimu alikuwa anakugombeza kila Jumamosi. Mwalimu alizifuta mwenyewe. Lakini ulikuwa umekandamiza, na ukiinua karatasi kwa mwanga bado zinaonekana.

Jumamosi yako ya mwisho Mwalimu alikuambia, "Leo unafika mwisho bila kukata, ama unampisha mwingine." Ukafika. Ulishika kiti cha mbele kwa mikono miwili na ukafika. Watu wakapiga makofi. Mimi ndiye nilipiga sana. Nilipiga mpaka viganja vikawaka, na wewe ulikuwa unaniangalia, na midomo yako haikuwa na rangi. Niliona, Awino. Niliona na nikaendelea kupiga.

Jumatano ukaenda. Daktari alimwambia mamako si kuimba kulikokuua. Nimesikia. Haijanisaidia.

Sasa Jumapili hii ni ibada yako ya ukumbusho, na Mwalimu anataka solo iimbwe. Akaniita. "Neli, wewe unaijua yote." Kila mtu anasema najua.

Nilikaa siku nne bila kumjibu. Jana nikaenda na karatasi zako. Nikamwambia nitaimba, lakini washushe wimbo mpaka chini kwangu, na nitapumua pale ulipokuwa unapumua. Hakusikia. "Ongea, msichana." Nikarudia, na haikutoka ile sauti ya kuomba msamaha. Ilitoka ile nyingine. Wale wa besi wakageuka. Mwalimu alichukua karatasi, akainua kwa dirisha, akaona alama zako. Halafu akatafuta penseli mfukoni, akaziandika tena yeye mwenyewe, moja, mbili, tatu. Sijamsamehe. Wewe pia bado.

Daftari nimelirekebisha. "Elfu" nimeikata kwa biro, na mstari wako nimeurudisha kama ulivyokuwa.

Lala, Malkia. Jumapili nitasimama mahali pako. Nitavuta ya kwanza, nitavuta ya pili, wakitaka kukasirika wakasirike. Ya tatu nitaivuta polepole kabisa, kanisa lote lingoje. Halafu nitaendelea na wimbo.

Mchawi wako,
Nelima