Edina Anabaki na Mama

Jumatatu, 1 Septemba
Nimepepeta ulezi mpaka mabega yanauma. Upepo umenisaidia. Katikati ya kazi ujumbe ukaingia kwenye simu: nimechaguliwa Mwanza. Udaktari, miaka mitano. Chuo cha hapa mjini nacho kilishanipokea, stashahada ya utabibu. Natakiwa kuthibitisha kimoja kabla wiki ijayo haijaisha.

Edina amepata cha hapa tu. Ni mtoto wa mama mdogo wa Kirando, tunaishi naye hapa Katandala, Sumbawanga, tangu kidato cha kwanza. Alinikumbatia. Nilifurahi. Nilifurahi pia kwamba yeye hakuipata Mwanza. Ndivyo ilivyo.

Alhamisi, 4 Septemba
Siku ya Mama ya kliniki ya presha. Nilishaoga, nimevaa, nimsindikize. Natoka nje, kumbe ameshapanda bodaboda na Edina. Walirudi wanacheka. Mama akamwambia jirani, "Huyu ndiye daktari wangu."

Edina. Sio mimi.

Sikula mchana. Nilisingizia tumbo.

Jumapili, 7 Septemba
Baada ya misa watu walinipa mikono. Paroko, wanakwaya, mwalimu wangu wa bailojia. Hongera Sesilia, umetutoa kimasomaso. Niliitikia huku macho yangu yako mbele, Mama anashuka ngazi za kanisa amemshika Edina mkono.

Jioni nikamsikia Edina jikoni: "Mama, chumvi iko wapi?" Miaka yote amemwita mama mkubwa. Leo Mama tu. Na Mama akaitika kama kawaida.

Nikiondoka miaka mitano, neno hilo litakuwa lake.

Jumatano, 10 Septemba
Baba yuko Kate, shambani. Nimempigia nikamwambia nitasoma hapa hapa, nimwangalie Mama na presha yake. Akasema nizungumze na Mama mwenyewe. Sauti yangu ilikuwa ya mtoto mwema. Nusura nijiamini.

Edina alisikia. Akaja chumbani.

"Sesi, kweli unaiacha Mwanza?"

"Ndiyo."

"Mimi ningeipata ningekwenda hata kwa miguu." Akakaa kitandani. "Juzi kanisani, kila mtu aliyekupa mkono, mimi niliona kama ananisonya."

Sikujua. Nilidhani mwenye wivu humu ndani ni mimi peke yangu. Nilitaka kumwonea huruma. Haikuja.

Alhamisi, 11 Septemba
Nilimkuta Mama uani anachambua dagaa. Nikasema yangu yote, presha, kliniki, umbali. Hakuinua kichwa.

"Unabaki kwa ajili yangu, au unabaki ili Edina asinisogelee?"

Machozi yakatoka, mengi ya hasira.

"Mama yake yuko mbali. Wewe wa kwako unaye, hata ukiwa Mwanza. Usinifanye mimi kisingizio cha kukosa udaktari, mwanangu. Kesho thibitisha."

Akaendelea kuchambua. Hakunifuta machozi. Angekuwa Edina, angemfuta, nina hakika.

Ijumaa, 12 Septemba
Nimethibitisha Mwanza. Edina alikuwa kaketi pembeni yangu. Akasema hongera. Safari hii hakunikumbatia. Nimemheshimu zaidi kwa hilo.

Jumamosi, 25 Oktoba
Mwanza. Joto hili sijalizoea. Asubuhi nilipiga simu nyumbani, akapokea Edina. Mama hawezi kushika simu, anasukwa nywele. Anayemsuka ni yeye. Nikasema nisalimie, nikakata.

Mchana ameingia mwenzangu wa chumba. Kwao ni hapa hapa mjini, kaletwa na mama yake. Nikamwamkia mama, shikamoo. Alimtandikia binti yake kitanda, kisha akakigeukia changu. Akauliza nimetoka wapi.

"Sumbawanga."

"Mbali, mwanangu."

Akanitandikia na mimi. Taratibu, akichomeka shuka kila upande, akiniuliza kama nimekula, kama huko kwetu ni baridi kweli. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na begi mkononi. Anamtazama mama yake, ananitazama mimi.

Macho yale nayajua.

Nikamshukuru mama yake. Nikasema naenda kuulizia mahali pa kuchota maji. Nilikaa juu ya jiwe nyuma ya bweni mpaka walipomaliza kuagana.