Haja Aliyoileta Noga

Arraba, 20 Aprili 2015

Binti yangu Rudayna,

Salamu za mzazi. Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu Januari. Sisi ni wazima. Mama yako analalamikia goti, lakini bamia zake amekwisha kuzipalilia. Kifua chako kimepona?

Nilinyamaza kwa hasira, na hasira si adabu. Chuo chenu kilipoagiza kila mwanafunzi ale nyumbani kwa mwenzake, Myahudi kwa Mwarabu na Mwarabu kwa Myahudi, nilimpokea Noga, mwenzako Myahudi, kwa heshima. Mama yako alimpikia samaki, kwa kuwa nyama yetu haili kwa sheria ya dini yao. Alikula akasifu. Kisha kahawa ikamiminwa, naye akakiweka kikombe mezani asikiguse. Unajua maana yake kwetu: mgeni ana haja, wala hanywi mpaka mwenye nyumba aikubali. Ami yako Hatem akaacha kutafuna. Ikanilazimu kuuliza.

"Mzee, mruhusu Rudayna afundishe nami katika ile shule ya watoto wa pande zote mbili."

Nami nilikuwa nimekwisha kumpa mwalimu mkuu wa hapa kijijini neno langu kwamba utalishika darasa la Kiarabu nililoliacha nilipostaafu. Sikumwambia anywe. Aliondoka kahawa imepoa, na ami yako hunitania hadi leo: "Bwana Sarufi, umefungwa kwa kamba yako mwenyewe."

Nijibu jambo moja. Ni wewe uliyemtuma?

Baba yako

Haifa, 27 Aprili 2015

Baba mpendwa,

Naubusu mkono wako. Kifua kimepona. Mama asipande ngazi.

Sikumtuma. Desturi ile niliieleza mimi darasani, mhadhiri alipotaka kila mmoja alete ya kwao. Nilidhani imeishia kwenye mtihani. Tulipotoka kwako nilimgombeza ndani ya basi hata abiria wakageuka. Nilimwambia amechukua kitu cha wazee wangu akakifanya mchezo.

"Sikucheza," akasema. "Nilikuwa na haja, nikaipeleka kama ulivyonifundisha. Wewe mwaka mzima unaniambia unaitaka shule ile. Babako umemwambia lini?"

Kwa wiki kadhaa tulikaa pande mbili za darasa. Waarabu wakadhani nimetukanwa mimi, Wayahudi wakadhani ametukanwa yeye. Kweli ni kwamba shule ile naitaka, na nilikuogopa.

Binti yako,
Rudayna

Arraba, 28 Mei 2015

Binti yangu,

Hatujambo, na goti limepata nafuu. Natumaini masomo hayakulemei.

Barua yako iliniuma, maana mgeni aliniomba kile ambacho mwanangu hakuthubutu kuniomba. Basi nilifunga safari pasipo kumwambia mtu, nikaketi nyuma ya darasa katika shule hiyo. Walimu ni wawili, mmoja wetu na mmoja wao, na wanaheshimiana. Lakini mwalimu wetu akiuliza kwa Kiarabu, watoto humjibu kwa Kiebrania, hata walio wetu. Wakati wa mapumziko nilimwuliza msichana mmoja wa kwetu sababu.

"Babu, hapa ndivyo tunavyoongea," akanijibu, akakimbilia mpira.

Nilirudi na huzuni. Hata hivyo nimejiuliza ni watoto gani wanaokuhitaji zaidi, hawa wa kijijini au wale. Sijui.

Nimemwendea mwalimu mkuu nikaliondoa neno langu, kwa sababu nililitoa juu ya maisha yasiyo yangu. Atakungoja hadi mwisho wa Juni. Usichague kijiji kwa kuniogopa, wala usichague shule ile kwa kumwonea haya Noga. Mwambie kwamba mgeni hujibiwa, hata kwa kukataliwa. Mimi sikumjibu, na hilo ni kosa langu.

Baba yako

Haifa, 3 Juni 2015

Baba mpendwa,

Naubusu mkono wako na wa Mama. Mimi mzima.

Nimemfikishia Noga maneno yako. Akauliza, "Kwa hiyo ni ndiyo?" Nikamwambia sasa jibu limerudi kwangu, na angoje kama wengine. Nilimweleza pia aliyokujibu yule msichana. Noga mwenyewe anajua Kiarabu cha kununulia mboga tu.

Jumapili, wiki ya masomo ikianza, nitakwenda kuketi nyuma ya darasa lile, bila yeye. Kisha nitakuja Arraba niketi katika lililokuwa lako, bila wewe. Nikikata shauri nitakuandikia, Baba, na barua utaipata kabla Noga hajasikia neno.

Binti yako,
Rudayna