Meno Kumi na Tisa

Jumapili, 13 Julai 2003

Nimeharibu kitu. Naandika upesi kabla sijaanza kujidanganya.

Leo nilikuwa peke yangu dukani. Aurelia, yule anayechapa barua za watu, alinipa ufunguo jana jioni nifanye usafi mkubwa, maana yeye alikuwa anakwenda Peramiho kwenye kipaimara cha mtoto wa dada yake. Ufunguo haruhusiwi kumpa mtu. Funguo ziko mbili tu, mmoja wake, mmoja wa Mama Agape, mke wa tajiri. Tajiri mwenyewe, Mzee Brayson, yuko kwao Moshi kwenye msiba. Anarudi Jumamosi.

Nilifagia, nikapiga deki, nikafuta makabati. Vumbi la mwezi huu! Upepo unaingiza udongo mwekundu hata ndani ya chupa ya chai. Nikaona nyuma ya mashine namba mbili, kompyuta ya Aurelia, feni imejaa vumbi kama pamba. Mwezi wa tano nilimwona fundi Beda akifungua boksi na kupitisha brashi. Nikajisemea, hili nami naliweza.

Feni imekaa juu ya chuma chenye mbavu. Nikaachia kibanio, nikavuta. Haikutoka. Nikavuta tena kama mtu anayeng'oa msumari kwenye mbao mbichi. Ikatoka. Nikaikandamiza mezani, nikaisugua kwa brashi, tena kwa nguvu, nilikuwa nimefurahi. Nilipoinua ndipo nikaona chini yake kumeganda kigae cha mraba, kidogo kama biskuti, kimeshikwa na dawa nyeupe kama ya meno. Na kigae kina meno. Mamia! Membamba, rangi ya dhahabu. Pembeni yamelala kama mpunga uliopigwa na mvua.

Nilijaribu kukirudisha. Hakikuingia. Nikarudisha feni tupu, nikafunga boksi. Kigae kiko hapa ndani ya kiberiti.

Sijui kama barua zote za watu zimo humu.

Jumatatu, 14 Julai

Asubuhi niliurudisha ufunguo kwa Aurelia mlangoni, akanisalimia kama kila siku: "Kamwene, mla mbwa." Mimi Mhehe, yeye Mngoni, ni watani. Kila siku namjibu kwamba babu zake walianza kukimbia kwa Wazulu na hawakusimama mpaka walipotuona sisi. Leo nilijibu kamwene tu. Akauliza kama naumwa.

Mashine namba mbili iliwashwa. Feni ikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Mama Agape akamwita Beda. Alikuja saa kumi, akafungua, akachungulia, akasema prosesa haipo. Ndivyo nilivyojua jina la kile kigae. Mama Agape akauliza haipo maana yake nini. Beda akasema maana yake mtu ameichukua, haina miguu.

Kwa hiyo sasa ni wizi. Mlango haukuvunjwa. Mama Agape ufunguo wake haukutoka kwenye pochi. Akamuuliza Aurelia wake ulikuwa wapi jana.

"Nilikuwa nao mimi," Aurelia akasema. "Nilikwenda nao Peramiho."

Hakuniangalia. Mimi nilikuwa nimebeba katoni mbili za karatasi, nimesimama katikati ya duka. Nilikaa nazo begani mpaka Mama Agape akaniuliza kama nimegeuka kuwa kabati.

Ningesema palepale. Sikusema. Mlinzi wa duka la jirani alishikwa mwaka juzi kwa ajili ya redio tu, na tulikuja kumwona tena masika, amekonda. Mimi hapa sina mtu.

Jumanne, 15 Julai

Chumba changu hakina umeme, na kazi hii inataka jua. Saa saba nilikimbia chumbani, Lizaboni, badala ya kula, nikakaa kizingitini, kiberiti juu ya goti. Nimehesabu yaliyolala: kumi na tisa. Moja la pembeni limelala kabisa, limeshikana na kigae.

Niliazima kibano cha nyusi kwa Severina, mama mwenye nyumba. Akaniuliza tangu lini Wahehe wanatinda nyusi. Nikasema nina mwiba. Akasema mwiba gani huo unakaa kwenye kiberiti. Yule mama haachi kitu kipite.

Nilianza na lile la pembeni. Nilidhani baya litangulie. Kibano kililishika vizuri, halafu kikateleza, likalala upande wa pili! Nikaacha. Mikono yangu imezoea nondo na mifuko ya saruji.

Dukani Aurelia amekatazwa kugusa hata mashine namba moja. Anakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani. Watu wakija na barua zao anawaelekeza duka lingine. Mama Agape amempigia simu Mzee. Mzee amesema asifukuzwe mtu, wasiite mtu. Akifika Jumamosi atampeleka Aurelia kituo cha polisi yeye mwenyewe.

Jumatano, 16 Julai

Nimepata njia. Nimeipata nikiwa nasukuma mkokoteni, Mungu ni mwema.

Tulipokuwa tunajenga Makambako, mimi nikiwa saidia fundi, nondo iliyopinda hatukuigonga nyundo. Unachukua kipande cha bomba, unakivika kwenye nondo mpaka pale ilipopindia, unalivuta bomba polepole. Nondo inafuata. Na unavuta mara moja tu. Nondo ikipindwa na kunyooshwa mahali palepale mara mbili tatu, inakatika.

Basi bomba dogo ni lipi? Sindano ya hospitali!

Mwuza dawa aliuliza ni ya nani. Nikasema ya kuku. Akauliza kuku wana ugonjwa gani. Nikasema wanalala upande. Akanipa.

Nimekata ncha yake kali kwa kuisugua kwenye jiwe. Inaingia kwenye jino kama kofia. Unashusha mpaka chini, unabana pumzi, unainua. Halafu unatazama kwenye mstari kama fundi anavyotazama ukuta, jicho moja limefumbwa. Leo kumi na moja yamesimama. Nikasahau njaa. Kwa muda ule nilikuwa mtu mwenye raha, nakiri.

Nilikuwa nimepanga hivi: yakisimama yote, nitakirudisha mahali pake wakati watu wameenda kula, mashine itawaka, watasema ni miujiza. Lakini jioni Mama Agape alikuwa anaongea na Beda, mimi nafagia karibu. Alisema mwizi wa kitu kidogo namna hii huwa anaogopa, atakirudisha kimyakimya. Na siku kitakaporudi, yeye Mama Agape hatahitaji kuuliza tena, kwa sababu mwenye ufunguo ni mmoja.

Kumbe nikikirudisha kwa siri namfunga Aurelia kwa mikono yangu. Ufagio uliniponyoka.

Kwa hiyo ni lazima niseme. Kesho.

Miguu inauma. Baridi ya hapa inaingia kwenye mifupa kama ya kwetu Kilolo, ila kule kulikuwa na moto wa mama. Hajui hata niko mji gani sasa. Mara ya mwisho alijua niko Makambako.

Alhamisi, 17 Julai

Nimesema. Na bado sijasema.

Walikuwapo wote watatu, Mama Agape, Beda, Aurelia. Niliweka ndoo chini. Nilisema, "Mama, aliyeichukua ni mimi."

Mama Agape akavua miwani. Halafu Aurelia akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Jumatatu. Alicheka mpaka akashika meza, akawaambia huyu msimsikilize, huyu ni mtani wangu. Akasimulia jinsi baba yake alivyofariki mwaka jana, na tulipofika makaburini mimi niliruka ndani ya kaburi kabla ya jeneza, kama watani wafanyavyo msibani, nikalala chali, nikasema sitoki mpaka nipewe jogoo.

"Leo ameona kaburi langu limechimbwa," akasema, "anataka alale yeye kwanza."

Beda alicheka mpaka akatoa machozi. Mama Agape naye, Mchaga wa watu, akatabasamu, akasema watu wa huku na utani wenu mtakuja kuangamia. Akavaa miwani. Akaniambia nimwage maji machafu.

Ya jogoo ni kweli. Nilipewa, nikamla.

Lakini hili ndilo linaloniuma: nilicheka nao. Mdomo ulifunguka wenyewe, nikacheka. Ningeweza kusema tena. Nilichukua ndoo nikatoka, na mgongoni nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Nimejichukia tangu saa nne mpaka sasa.

Saa saba meno matano. Yamebaki matatu.

Ijumaa, 18 Julai

Nilimfuata Aurelia uani kwenye bomba la maji. Nikamwambia, jana haukuwa utani.

Akaendelea kuosha vikombe. Akasema, "Unadhani nimesahau nilimpa nani ufunguo?"

Mimi nilidhani Jumatatu alificha tu kosa lake la kunipa ufunguo. Kumbe anajua. Anajua tangu Jumatatu, tangu Beda alipofunua boksi! Nikamuuliza, sasa ulicheka nini.

"Mimi wakinishika, shangazi zangu watajaa pale kituoni na mabakuli. Wewe nani atakuletea uji?"

Alisema hivyo kama mtu anayeeleza bei ya karatasi. Alidhani niliiba kweli, nikauze. Hakuuliza kwa nini. Nikamweleza yote, brashi, dawa nyeupe, meno, sindano. Ndipo akakasirika. Siyo kwa sababu ya kuiba, kwa sababu ya ujinga. Akaniita mbwa mwenyewe, siyo mla mbwa. Halafu akaniambia nikitupe chooni yaishe. Yeye atasema hajui chochote, watamwachisha kazi, atakwenda kulima kwa mama yake Namtumbo. Alisema mahindi hayana ufunguo.

Nikamwambia sikitupi. Akasema basi kaa nacho na unyamaze. Mikono yake ilikuwa myekundu kwa maji ya baridi. Miaka sita amejifunza kuchapa bila kutazama vidole, na vidole hivyo virudi kwenye jembe kwa sababu mimi niliona vumbi.

Jioni jua lilikuwa bado lipo kidogo nilipofika nyumbani. Mawili yamesimama. Likabaki lile la pembeni, nililolipinda mwenyewe kwa kibano. Nilivika sindano. Sikupumua. Limesimama.

Lakini chini kabisa, pale linapotokea, kuna mstari wa kijivu kama ufa kwenye tofali. Naujua mstari huo. Nondo ikiwa na mstari huo fundi wetu alikuwa anaitupa pembeni.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi nje ya duka. Nimekuja na daftari kwa sababu kama sirudi chumbani, sitaki Severina alisome.

Mzee Brayson alifika saa tatu, bado ana koti la safari. Nikasema shikamoo, nikaweka kiberiti kaunta, nikakifungua. Nikasema kwa mpangilio, kama nilivyojisomea njiani: nilikuwa nasafisha, nilivuta, nilipinda, niliogopa, nimenyoosha.

Aurelia akaanza kucheka. Akaanza na lile la kaburi na jogoo. Hakuna aliyemfuata. Mzee alikuwa anatazama ndani ya kiberiti.

Akauliza nilipataje kuingia. Hapo nimedanganya, na nimekusudia. Nimesema niliutoa ufunguo kwenye mkoba wa Aurelia Jumamosi jioni bila yeye kujua, nikaurudisha Jumatatu. Aurelia akasema si kweli, alinipa yeye. Nikasema anatania. Mama Agape akawa anatutazama mmoja baada ya mwingine, akasema sasa hapa mwongo ni nani, au mnapokezana?

Beda alikichukua kigae, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango. Akauliza nimetumia nini. Nikamwonyesha sindano. Akaitazama, akanitazama, akasema kumi na nane hayana neno, lakini hili la pembeni ni mgonjwa. Linaweza kuingia. Linaweza kukatika, likabaki kwenye tundu.

Mzee akafunga vifungo vya koti kana kwamba ndiyo kwanza anatoka. Akaniambia, "Kaa nje. Ikiwaka, tutaongea hapa. Isipowaka, tutaongea kituoni, wewe na yeye."

Wewe na yeye. Kwa hiyo uongo wangu haukufika popote.

Mlango umerudishwa. Nimesikia bisibisi ikianguka sakafuni, Beda akiomba radhi. Sasa kimya. Watu wanapita na mafungu ya mboga, wananisalimia, naitikia. Mmoja ameniuliza kama leo tunachapa. Nimemwambia asubiri kidogo.

Namsikia Aurelia, amerudia kucheka. Anawaeleza tena habari za Wahehe. Anacheka peke yake.

Feni inazunguka. Lakini hata Jumatatu ilizunguka. Ninachosubiri ni ule mlio mmoja mfupi, mashine inapoamka.

Aurelia amenyamaza.