Kopo Moja la Mafuta

Shikamoo, Baba.

Sauti iliyobaki kwangu ni ya mafuta ya nguruwe yakilia kikaangoni Jumapili baada ya misa. Kipande chenye mafuta mengi zaidi kilikuwa chako. "Mpeni mdogo wangu, upepo utambeba," alisema Baba Mkubwa, tumbo lake likicheka kabla yake. Mafuta yaliyosalia Mama aliyaweka kwenye kopo, akayakaangia mboga wiki nzima.

Nyuma ya visigino vyako palikuwa na uvimbe mgumu. Ulisema ni buti za shamba. Nilipoubonyeza uliniambia, "Acha, utanikatia breki." Halafu kifua kikakubana ukipalilia mahindi, hata miaka hamsini hujafika. Msibani walinong'ona: ugonjwa gani wa moyo kwa mtu mwembamba hivyo? Wakatafuta mchawi.

Mwaka huu nimepima damu hapa Songea. Lehemu yangu, yale mafuta ya kwenye damu, iko juu sana. Nikambembeleza Baba Mkubwa naye apime. Yake ni ya kawaida, na mpaka leo hakosi kula ngozi ya nguruwe yenye mafuta. Daktari akanieleza kwamba ini ndilo huondoa lehemu kwenye damu, na wengine tumerithi ini linaloifanya kazi hiyo polepole. Mafuta yanayompita mwenzako, kwako yanaganda kwenye mishipa. Ugonjwa huu ukijulikana mapema, dawa na chakula husaidia. Kisha akaniuliza, "Mzazi wako yeyote alikuwa na uvimbe visiginoni?" Nikamwonyesha kwa kidole pale uvimbe wako ulipokuwa; akasema hiyo ni lehemu iliyoganda. Nilikuwa na hasira, sijui na nani.

Maana Subira, kitinda mimba wako, ana miaka kumi na minne na ni mwembamba kama wewe. Mama humwongezea mafuta ya kopo ili anenepe. Nilipomweleza, aliweka mwiko chini.

"Kwa hiyo nilimuua baba yako kwa chakula changu?"

"Hapana, Mama. Ni kitu cha kurithi, mafuta yanakichochea tu."

"Basi damu ya mwanangu usiiguse."

Siku kumi, kila jioni, nilimtazama Subira akila mafuta hayo ya kopo. Baba, wewe ungenyamaza ili nyumba itulie. Mimi nimeshindwa.

Leo asubuhi nimempeleka Subira maabara, damu imechukuliwa. Kisha nimekwenda sokoni, Mama anakouza nyanya, nikamwambia hivyo mbele ya wateja wake. Akaendelea kupanga nyanya. Nakuandikia nikiwa nimeketi kando ya meza yake ya nyanya, na sitaondoka mpaka aniangalie.

Pumzika, Baba.

Mwanao wa kwanza