Upande wa Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Mama wa mazoezi kaja tena, yule wa hospitali anayemrudisha Baba taratibu tangu kiharusi. Safari hii kasema nimpe Baba kazi aliyoizoea. Hesabu! Mtu aliyefundisha mizingo ya maumbo mpaka akastaafu, watoto wa shule wakambandika jina Mwalimu Mzingo.

Nikamchorea pembetatu daftarini. Tano, sita, saba. Baba, mzingo wake ni ngapi? Akacheka kidogo, kama namtania. Kumi na moja, akasema.

Nikadhani kakosea kujumlisha. Wapi! Kachukua tano, kachukua sita, kaweka kalamu chini. Ile saba hakuigusa kabisa. Akaniuliza kama chai iko tayari.

Jumanne, 4 Machi

Nimejaribu maumbo yote. Mraba — kapata, palepale, upande mara nne. Duara — kapata! Kipenyo mara pai, bila hata kupepesa macho. Nikapiga makofi kama mwehu. Mstatili — urefu, jumlisha upana, kaishia hapo. Ile mara mbili imekwenda na maji. Pembetatu — pande mbili, nigeuze karatasi hivi, nigeuze vile.

Nikampigia mama wa mazoezi. Anasema yaliyo ulimini yamebaki, ni yale ya kufuata hatua kwa hatua ndiyo yanamponyoka. Nikamshukuru vizuri tu. Halafu nikainamia cherehani nikalia mpaka pazia la mteja likalowa.

Jioni kaka naye kapiga. Anakuja Jumamosi kumchukua Baba. Kwake kuna ukuta, kuna geti, kuna mlinzi, mzee hatapotea. Mimi eti najidanganya. Nikamjibu vibaya, akanijibu vibaya. Baba ndani ya geti! Bila mtaa wake, bila kinyozi wake wa kubishana naye mpira! Atanyong'onyea afe, namjua.

Jumatano, 5 Machi

Kaka kapiga tena, kapoa. Katoa sharti. Nyumba yetu iko kwenye ncha, mitaa mitatu inaizunguka sehemu yetu kama pembetatu ile ile ya daftarini. Zamani Baba aliizunguka kila asubuhi kabla ya chai: anashuka mtaa wa maduka, anakata nyuma ya shule, anapanda kwa kinyozi mpaka mlangoni. Alikuwa anauita mzingo wangu. Sasa kaka anasema, Jumamosi azunguke peke yake. Akirudi mlangoni, anabaki. Asiporudi, wanaondoka wote wawili siku hiyo hiyo.

Nikasema sawa. Sawa! Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Tukaenda kujaribu, mimi na Baba. Maduka, sawa. Nyuma ya shule, sawa, hata kaamkia watu. Kufika kona ya kinyozi, akasimama. Akakaa kwenye benchi. Nikamwambia twende Baba, nyumba ile pale, unaiona? Akaitazama. Nzuri, akasema, ya nani?

Nikamshika mkono, nikamrudisha.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nilipata wazo. Nina foronya za pembetatu za mteja, zinataka utepe pembeni. Nikampa Baba utepe aupime mwenyewe. Kashika ncha moja kwa kidole, kazungusha upande wa kwanza, wa pili — mimi roho juu — kazungusha wa tatu! Ncha zikakutana! Huo ndio mzingo, binti, kasema, ukirudi ulikoanzia. Kwa ile sauti yake ya darasani kabisa. Jamani! Nilimkumbatia mpaka akalalamika mbavu.

Nikakimbilia daftari. Tano, sita, saba.

Kumi na moja.

Afadhali nisingemuuliza.

Ijumaa, 7 Machi

Nilikwenda kwa kinyozi kumwomba. Amwone tu Baba, amwambie, Mwalimu, bado, endelea. Maneno mawili, basi. Kinyozi kanisikitikia. Kesho hafungui, ana msiba kwao, anasafiri alfajiri.

Sina pa kukimbilia tena. Nimepiga pasi shati la Baba, lile jeupe. Simpigii la safari. Nampigia la matembezi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimesimama dirishani, mikono isipopata kazi nitatoka mbio. Kaka yuko nyuma yangu na kikombe. Kasema nisimfuate, nisimwite, nisipunge mkono. Haki yake, tulikubaliana.

Baba katoka. Kavaa kofia. Mtaa wa maduka namwona mgongo, anakwenda vizuri, kajikaza. Kakata kona. Huko nyuma ya shule simwoni.

Bado.

Bado. Kaka kaniuliza dawa zake ziko wapi. Nikasema kabatini. Kwa nini nilimjibu?

Katokea! Kona ya kinyozi! Shati jeupe, namwona waziwazi! Duka limefungwa. Anaangalia mlango wa duka. Tembea Baba. Nyoosha tu, nyumba hii hapa.

Kakaa kwenye benchi.

Kavua kofia, kaiweka pembeni. Sasa anainama, anafungua kamba za viatu. Anavua viatu! Kavipanga chini ya benchi, kimoja kando ya kingine, kama anavyovipanga mlangoni kwetu. Anaegemea. Mtu aliyefika kwake.

Kaka kaweka kikombe. Sauti yake imekuwa ya chini, hata hakunisuta, na hilo ndilo limeniua. Basi, kasema, nakwenda kumleta. Kachukua funguo za gari.

Nimesimama mlangoni, nimemzibia njia, daftari mkononi. Namwambia ngoja. Ngoja kidogo. Hajamaliza, bado upande mmoja.