Keki ya Bibi

Zamda, nimekasirika. Nimemlisha bibi keki niliyooka mwenyewe kwenye sherehe yake ya miaka tisini, ukumbi mzima unamtazama, na sasa hivi ndiyo ananieleza.

Aliolewa akaletwa hapa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, kutoka Urundi, Burundi ya leo, enzi za Mwingereza. Kwao mtu mzima hali chakula mbele ya wageni, ni aibu. Majirani wakamwekea sinia la wali, wakamzunguka. Hakugusa.

Hakugusa, Zamda. Wifi yake akasema, "Anayeogopa sumu kwa watu, ujue kwake ipo."

Miaka mitatu hakuna jirani aliyeonja chakula chake. Mitatu.

Nikamuuliza, sasa mbona leo umekula, si ungekataa tu?

Akasema, "Ningekataa, nani angekula tena kwako?"